Gari Linasema, Nani Anasikia? Historia ya Soketi Iliyo Chini ya Usukani



Tuseme umeuza mpunga wako wa msimu huu, ukaongeza na akiba ya kikundi, na sasa unatafuta gari dogo la kubebea nyanya hadi mnadani. Umeonyeshwa moja. Rangi inang'aa, viti ni safi, injini inawaka mara tu ukigusa ufunguo, na kwenye dashibodi hakuna taa hata moja ya onyo. Muuzaji anakuambia, "Bosi, hii ni kuweka mafuta na kuondoka." Unalipa. Wiki ya pili, ukiwa mlimani na mzigo wako wa nyanya, taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini inawaka, gari linaanza kukwama, na jua linazipiga nyanya zako.

Kinachouma ni kwamba gari lile lilikuwa limeshasema kila kitu. Chini ya usukani, upande wa dereva, kuna soketi ya plastiki yenye nafasi 16 za pini. Siku ile ulipokuwa unahesabu noti, soketi ile ilikuwa na habari muhimu: makosa yalifutwa kilomita ngapi zilizopita. Alikosekana mtu wa kusikiliza kwa dakika tano tu.

Umezoea kusoma hapa habari za mbegu, viuatilifu na ghala. Lakini gari nalo ni pembejeo. Ukinunua bovu, msimu unapotea sawa na aliyenunua mbegu feki. Kwa hiyo leo nakueleza soketi hiyo ilitoka wapi, ni nani aliyeifungua, na wewe unaweza kuitumiaje. Historia hii ina faida, kwa sababu ukijua kitu kilitengenezwa kwa ajili gani, utajua kinaweza kukuambia nini na hakiwezi kukuambia nini.

Ilianza na moshi

Soketi hii haikubuniwa kwa ajili ya fundi wala kwa ajili ya mwenye gari. Chanzo chake ni hewa chafu.

Mwezi Julai 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, jiji la Los Angeles huko California, Marekani, lilifunikwa na ukungu mchungu. Macho yaliwasha, watu wakakohoa. Wapo waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama zikakiangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza malighafi ya mpira. Kikafungwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka.

Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi katika chuo cha Caltech, alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi harufu yake. Aliombwa aache mananasi kidogo achunguze hewa. Akaonyesha kwamba mvuke wa petroli ambayo haijaungua vizuri, ukichanganyika na gesi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini, kisha vikapigwa na jua, ndivyo huzaa ule ukungu. Chanzo kikubwa kilikuwa magari ya watu wenyewe.

Mwaka 1967 jimbo la California liliunda bodi ya kusimamia hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria kali ya hewa safi. Watengenezaji wa magari wakalazimika kupunguza sumu. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi yaliyouzwa Marekani yalifungwa kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wetu hukiita masega. Lakini masega hayavumilii mchanganyiko mbovu wa hewa na mafuta. Mafuta yakizidi, yanaungua na kuharibika. Ndiyo maana kompyuta ikaingia kwenye injini, ile ambayo mtaani tunaiita kontroboksi, pamoja na sensa zake. Sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni vidude vinavyohisi joto, hewa, mzunguko wa injini na hewa iliyobaki kwenye moshi.

Hapo likazuka swali ambalo wewe mkulima unalijua vizuri. Mche ukiwa kitaluni unapendeza, lakini nani anaufuatilia ukishapelekwa shambani? Gari likiwa jipya linafaulu kipimo cha moshi. Miaka mitano baadaye sensa moja imekufa, gari linatema sumu, na dereva hana habari. California ikaamua kwamba gari lijichunguze lenyewe na liwashe taa likiona kasoro. Sharti hilo lilianza kwa magari ya mwaka 1988.

Enzi ya kipande cha waya

Taa ikawaka, lakini ilikuwa inasema nini? Hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake.

Kwenye magari ya General Motors ya miaka ya 1980, fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi, lile la A na lile la B, kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, halafu ikapepesa mara mbili, hiyo ni namba 12. Toyota nao walikuwa na kisanduku kidogo chini ya boneti. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unawasha ufunguo bila kupiga stata, kisha unahesabu mipepeso.

Hili la Toyota si historia ya mbali. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 bado yanabeba mizigo kwenye barabara zetu, na mengi hayajibu skana za kisasa. Ukimwona fundi mzee ameinama na kipande cha waya akihesabu kimya kimya, usimcheke. Anasikiliza gari kwa njia ya enzi yake, na kwa gari hilo ndiyo njia sahihi.

Baraza la waya mbili

Wakati Marekani wanahangaika na moshi, Wajerumani walikuwa na tatizo la waya. Kila kompyuta mpya ilihitaji waya wake kwenda kwa kila mwenzake: ya injini kwenda ya breki, ya breki kwenda ya giaboksi. Fungu la waya likawa nene na zito, na kila kiungio kikawa mahali pa kuharibika.

Mwaka 1983 wahandisi wa kampuni ya Bosch walianza kutafuta dawa. Mwezi Februari 1986, kwenye mkutano wa wahandisi wa magari huko Detroit, wakaonyesha walichobuni. Kinaitwa CAN, na majina yanayotajwa zaidi katika kazi hiyo ni Uwe Kiencke, Siegfried Dais na Martin Litschel. Mwaka 1993 kikawa kanuni ya kimataifa kwa namba ISO 11898.

Wazo lake utalielewa kwa mfano wa baraza la kijiji. Badala ya kila mtu kumpigia simu kila mtu, wote wanakaa sehemu moja. Anayesema anasikika na wote. Kompyuta zote zimeunganishwa kwenye waya mbili zilizosokotwa pamoja. Kompyuta ya injini inatangaza, "Mzunguko ni 1,700." Haitaji inamwambia nani. Anayehitaji habari hiyo anaichukua, asiyeihitaji anaiacha ipite.

Je, wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja? Barazani wote hunyamaza, kisha wanaanza upya. Hapa ni tofauti. Kila ujumbe unaanza na namba yake, na namba ndogo ndiyo yenye uzito. Wawili wakigongana, mwenye namba kubwa anatambua hapo hapo, ananyamaza, na mwenye namba ndogo anaendelea bila kupoteza hata neno. Ndiyo maana wahandisi huupa ujumbe wa haraka, kama wa breki, namba ndogo kuliko ule wa kioo cha mlango.

Kila ujumbe ni mfupi, baiti 8 tu kwa mtindo wa awali. Lakini waya hizo zikipitisha biti 500,000 kwa sekunde, kama ilivyo kwenye magari mengi madogo, zinabeba ujumbe kwa maelfu kila sekunde. Malori makubwa na matrekta ya kisasa hutumia ndugu yake aitwaye J1939, ambaye kwa kawaida hupitisha biti 250,000 kwa sekunde, na soketi yake mara nyingi ni ya duara yenye pini 9.

Kumbuka jambo moja hapa, tutalirudia. Kwenye baraza hili hakuna anayeulizwa jina. Ukishaingia na kukaa, ukasema kwa namba ya breki, wote wataamini kwamba breki ndiyo iliyosema.

Soketi moja kwa wote

Turudi Marekani. Ile hali ya kila kampuni na lugha yake ilikuwa inawaumiza wakaguzi wa moshi, mafundi wadogo na wenye magari. Kwa hiyo ikaletwa awamu ya pili ya sheria. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi ya umbo moja yenye nafasi 16 za pini, karibu na usukani, na namba za makosa zinazofanana kwa kampuni zote.

Namba hizo unaweza kuziona kwenye karatasi ya fundi. Zinaanza na herufi. P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni breki na mambo ya chini ya gari, na U ni mawasiliano, yaani kuna kompyuta haisikiki barazani. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi vizuri. P0420 maana yake masega hayafanyi kazi inavyotakiwa. U0100 maana yake kompyuta ya injini haijibu wenzake.

Ulaya walifuata. Magari mapya ya petroli yalitakiwa kuwa na mfumo huo kuanzia 2001, na ya dizeli kuanzia 2004. Lakini ndani ya soketi ile ile bado kampuni ziliongea lugha tofauti za umeme. Mwisho Marekani ikaamua kwamba kuanzia magari ya mwaka 2008 lugha kwenye soketi iwe moja tu, ile ya baraza la Wajerumani. Hapo moshi wa California na waya za Ujerumani vikakutana chini ya usukani wako.

Angalia jinsi faida ilivyosambaa. Sheria iliandikwa kwa ajili ya hewa safi. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa mkaguzi, umefunguliwa pia kwa fundi wa pembezoni ambaye hana uhusiano wowote na kampuni. Laiti kila kampuni ingebaki na soketi yake, fundi wa mji mdogo angehitaji mashine kumi.

Kidude cha mfukoni

Mwanzoni mashine za kusoma zilikuwa ghali, na ni gereji kubwa tu zilizokuwa nazo. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Kanada, ELM Electronics, ilitoa chipu iitwayo ELM327. Kazi yake ni ya ukalimani. Inachukua lugha ya gari na kuigeuza maandishi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuyasoma. Toleo la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, basi likanakiliwa kila mahali. Ndipo vikatokea vile vidude vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi na kuongea na simu yako kwa bluetuthi. Kampuni yenyewe ilifunga kazi mwaka 2022, lakini nakala zake bado zimejaa madukani. Nyingi zimeandikwa toleo la 1.5, ambalo kampuni halisi haikuwahi kulitoa. Baadhi zinafanya kazi vizuri, nyingine zinaacha nusu ya majibu. Kama ilivyo kwa dawa za dukani, usiridhike na lebo. Jaribu kwenye gari linalojulikana kabla hujalipa.

Hakuna uchawi ndani yake. Simu inauliza kwa namba, gari linajibu kwa namba. Ukiuliza joto la maji ya injini, gari linatoa namba moja, nawe unatoa 40. Likijibu 130, joto ni nyuzi 90. Ukiuliza mzunguko wa injini, linatoa namba mbili: ya kwanza unaizidisha kwa 256, unajumlisha ya pili, unagawa kwa 4. Likijibu 26 na 248, hiyo ni 6,656 na 248, jumla 6,904, gawa kwa 4 unapata 1,726. Programu ya simu inakufanyia hesabu hiyo mara nyingi kwa sekunde na kuichora kama mshale unaopanda na kushuka.

Gari linaweza kusema uongo

Usije ukatoka hapa ukidhani kompyuta haidanganyi. Inasema kile ilichoandikiwa kusema.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa kazi waliyopewa na taasisi ya ICCT, walitoa matokeo ya kupima magari ya dizeli wakiyaendesha barabarani, wakiwa wamebeba mashine ya kupima moshi ndani ya gari. Magari mawili ya Volkswagen yalitema gesi za nitrojeni mara nyingi zaidi ya kiwango kilichoruhusiwa. Yakiwa kwenye chumba cha kupimia, magari hayo hayo yalifaulu. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba ndani ya kompyuta kulikuwa na maagizo ya siri. Gari liligundua kama linapimwa, kwa kuangalia mambo kama mkao wa usukani, kisha likajifanya safi. Magari yaliyohusika yalikuwa karibu milioni 11 duniani kote. Muda wote huo taa ya injini haikuwaka, kwa sababu aliyeandika uongo ndiye aliyeiandika na taa.

Mwishoni mwa mwaka huo Mjerumani mmoja, Felix Domke, alieleza hadharani jinsi alivyochunguza gari lake mwenyewe. Alisoma data zake huku akiendesha, akaona dawa ya kusafisha moshi inamwagwa kidogo kuliko inavyopaswa. Mwenye gari mmoja aliyesikiliza kwa makini aliweza kuonyesha kilichofichwa ndani ya kompyuta. Somo ni kwamba usisome taa peke yake. Soma namba, kisha zilinganishe na unachokiona, unachokisikia na unachokinusa.

Wakulima waliofungiwa mlango

Ile sheria ya soketi moja ilihusu moshi na magari ya barabarani. Mashine za shamba hazikuingia humo kwa namna hiyo. Hapo ndipo wakulima wenzetu wa Marekani walipoumia.

Matrekta na mashine za kuvunia za kisasa zimejaa kompyuta. Sensa ikifa, mashine inajifunga au inapunguza nguvu. Mkulima ana kifaa kipya mkononi, lakini kompyuta haikikubali mpaka wakala aje na programu yake. Msimu wa mavuno haumsubiri wakala. Mwaka 2015 mamlaka ya hakimiliki ya Marekani iliruhusu wenye mashine kufungua programu zake ili wazitengeneze, lakini ruhusa ya kufungua si sawa na kupewa ufunguo. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba wapo wakulima wa huko waliokuwa wakinunua mtandaoni programu za magendo kutoka Ulaya Mashariki ili watengeneze matrekta yao wenyewe.

Wakaendelea kudai. Aprili 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kumlazimisha mtengenezaji wa zana za kilimo kumpa mkulima na fundi huru vitabu, vipuri na programu za kutengenezea, na ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ikaishtaki kampuni ya John Deere kuhusu jambo hilo hilo la matengenezo.

Trekta nyingi za zamani zinazolima kwetu hazina mtandao huu, na fundi wa kijijini anazimudu. Lakini mashine mpya zinakuja. Kikundi chenu kikitaka kukopa trekta, swali la kwanza lisiwe nguvu za farasi peke yake. Ulizeni: mashine hii ikiwasha taa, nani ana ruhusa na kifaa cha kuisoma, na yuko umbali gani na shamba letu? Andikeni jibu kwenye mkataba.

Mlango wazi na mwizi

Nilisema barazani hakuna anayeulizwa jina. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na California San Diego walionyesha kwamba aliyeingia kwenye mtandao wa gari anaweza kuzuia breki zisifanye kazi. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek wakalifikia gari aina ya Jeep wakiwa mbali, na kampuni ikayaita magari milioni 1.4 kuyarekebisha. Wezi nao wamejifunza. Wapo wanaofikia waya za mtandao kupitia taa ya mbele na kulitumia gari ujumbe kana kwamba ufunguo halali upo.

Gari lako la nyanya huenda halina intaneti, lakini kidude chenye bluetuthi ukikiacha kwenye soketi usiku kucha ni mlango umeuacha wazi, tena kinanyonya betri polepole. Ukimaliza kusoma, kichomoe.

Sasa wewe ufanye nini

Historia hiyo yote inakupa mambo haya ya kufanya siku ya kununua gari, au siku fundi anapokuambia ubadilishe kifaa.

1. Geuza ufunguo bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeizima kwa makusudi au imeungua. Usiendelee na bei mpaka ujue.

2. Chomeka skana na soma makosa yaliyohifadhiwa, pamoja na yale yanayosubiri kuthibitishwa.

3. Tafuta sehemu inayoonyesha kilomita tangu makosa yafutwe. Magari mengi yanayofuata kanuni hiyo huionyesha. Ukiona kilomita 6, jiulize ni nani aliyefuta asubuhi ya leo, na kwa nini.

4. Angalia majaribio ya ndani ya gari. Makosa yakifutwa, gari huanza upya kujipima, na skana itaonyesha kwamba majaribio hayajakamilika. Kuchomoa betri nako kunaleta hali hiyo, kwa hiyo si ushahidi wa wizi, ni sababu ya kuuliza. Omba uliendeshe siku nzima, au urudi kesho kulipima tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, na muuzaji mkweli hataogopa kesho.

5. Tazama namba zikitembea. Joto la maji lipande taratibu, lifike karibu nyuzi 90, litulie. Likizidi kupanda, ondoka.

6. Skana ikikataa kuunganisha, angalia fyuzi kwanza, mara nyingi ni ile ya kiberiti cha gari. Kama gari linatumia ile lugha ya waya mbili, fundi umeme azime gari kabisa, kisha apime kwa mita kati ya pini ya 6 na ya 14. Mtandao mzima husoma karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa waya una kizuizi cha omu 120. Akisoma 120, upande mmoja umekatika. Akisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Kipimo hicho cha dakika moja kinaweza kukuokoa usinunue kontroboksi usiyoihitaji.

7. Namba ya kosa si orodha ya vipuri. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Haisemi badilisha sensa. Huenda ni bomba la hewa limepasuka, au chujio la mafuta limeziba. Ni kama majani ya mahindi kuwa ya njano: inaweza kuwa njaa ya naitrojeni, inaweza kuwa maji yametuama. Muulize fundi, "Umehakikishaje kwamba ni hiki?" kabla hujatoa hela.

8. Kila unaposoma, andika tarehe, kilomita, namba ya kosa na kilichofanyika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku utakapouza gari, daftari hilo litakupandishia bei.

Kama huna skana, kikundi kinunue moja na kuitunza kama mnavyotunza bomba la kupulizia. Ikae kwa katibu, kila mwenye gari au anayeenda kununua aiazime kwa kusaini.

Gari unaloenda kuliangalia kesho lina soketi hiyo hapo hapo karibu na goti lako. Kabla hujafungua bahasha ya hela, inama uitafute.

Nakutakia safari njema na mavuno mema.